Kazi ya Baba Krismasi Kuanzia Januari Hadi Oktoba

Nchini Marekani na Kanada, mwigizaji wa Baba Krismasi anayelipwa huonekana mbele ya watu kwa takriban wiki sita, kuanzia katikati ya Novemba hadi jioni ya Desemba 24. Baada ya hapo huvua koti na kurudi nyumbani, na kwa miezi kumi hivi karibu hakuna anayemwita kazini. Wengi wanaoingia katika shughuli hii, hasa wastaafu na wenye ajira nyingine, huichukulia miezi hiyo kuwa likizo, na matokeo yake hurudi Novemba wakiwa na ndevu fupi, koti lenye harufu ya kabati na kalenda yenye nafasi wazi ambazo zingeweza kujazwa tangu Machi. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo angalau msimu mmoja, au anayetaka kuianza mwakani, na unamlenga hasa msomaji wa Kiswahili aishiye Amerika ya Kaskazini, ambako soko la kazi hii ni kubwa na lina taratibu zake.

Januari: fedha na shukrani

Jambo la kwanza ni kodi, kwa sababu tarehe zake hazisubiri. Baadhi ya kampuni za picha zinazoendesha shughuli katika majumba ya maduka humwajiri Baba Krismasi kwa msimu na kumkata kodi moja kwa moja. Lakini yule anayetembelea nyumba za watu, ofisi na makanisa kwa kawaida huhesabiwa na serikali ya Marekani kuwa mtu aliyejiajiri, na kodi ya makadirio kwa mapato aliyopokea kati ya Septemba na Desemba inatakiwa ifikapo Januari 15. Juu ya kodi ya mapato ya kawaida kuna kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo humshtua kila anayekutana nayo mara ya kwanza, kwani mwajiriwa wa kawaida huona nusu yake tu ikikatwa katika mshahara, nusu nyingine ikilipwa na mwajiri. Ni busara, kwa hiyo, kutenga robo hadi theluthi ya kila malipo siku ileile yanapoingia, katika akaunti ambayo kadi yake haitembei nawe.

Gharama za kazi hupunguza kodi hiyo, ikiwa zina ushahidi. Koti jekundu, buti, ndevu za bandia na maili ulizoendesha gari kwenda kwa wateja huandikwa kuwa gharama, ila maili zinahitaji daftari lenye tarehe, mahali na umbali, lililojazwa wakati ule wa safari. Nguo inakubalika ikiwa ni vazi la maonyesho ambalo mtu hawezi kulivaa katika maisha ya kawaida. Fulana nyekundu unayokwenda nayo dukani hata Julai haikubaliki. Mstaafu aliyeanza kupokea pensheni ya Social Security kabla ya kufikia umri kamili wa kustaafu aangalie pia kikomo cha mapato cha mwaka huo, kwani akikipita sehemu ya pensheni yake huzuiwa. Na kwa mgeni aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi, neno moja linatosha: kuvaa koti hili kwa malipo ni kufanya kazi, na kazi nje ya chuo bila idhini ni kosa la uhamiaji, hata ikiwa aliyekulipa ni jirani.

Baada ya hesabu huja shukrani. Kila familia, ofisi na kanisa lililokulipa lipate barua fupi kabla Januari haijaisha, na barua hiyo iulize waziwazi kama wanataka tarehe na saa ileile mwaka unaofuata. Familia ikishamzoea Baba Krismasi wake haitaki mwingine, maana mtoto wa miaka sita hutambua tofauti ya pua na ya sauti hata kama koti ni lilelile. Anayejibu ndiyo aombwe amana kidogo, na masharti ya kurudisha amana hiyo yaandikwe. Saa za jioni ya Desemba 24 ndizo ghali kuliko zote na ndizo zinazojaa kwanza. Usizigawe Januari kwa bei ya mwaka jana kwa sababu tu mtu amekuwa mwepesi kujibu.

Koti na buti

Koti linalowekwa chafu huharibika likiwa kabatini. Jasho na vipodozi vilivyoshika manyoya meupe ya shingoni na mikononi havionekani sana Desemba, lakini vikikaa miezi kadhaa hugeuka manjano ambayo hayatoki tena. Mpelekee koti la mahameli dobi anayesafisha bila maji, tena mwoneshe kwa kidole kila doa na umwambie limetokana na nini, kwa kuwa doa la kahawa na doa la rangi ya midomo havitibiwi kwa dawa moja. Likirudi, litoe katika mfuko wa plastiki lililorudi nao, kwani plastiki hufungia unyevu, kisha litundike kwenye kiango kipana ndani ya mfuko wa pamba unaopitisha hewa. Vipande vya mbao za mierezi husaidia kufukuza nondo. Vile vidonge vyeupe vya kuulia wadudu navyo hufukuza, lakini harufu yake haiondoki, na mtoto aliyekaa pajani pako pua yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye kola.

Anayehitaji koti jipya aliagize majira ya kuchipua. Koti la kushonewa kwa vipimo, lenye bitana na manyoya mazuri, hupita dola 1,000 bila shida, na mafundi wanaolijua huwa wamejaza foleni yao muda mrefu kabla ya vuli. Suruali ziwe mbili kwa kila koti, na glovu nyeupe ziwe jozi nyingi, maana sababu ya suruali ya pili kila aliyewahi kumpakata mtoto mchanga anaijua.

Ndevu

Hapa ndipo mwaka mzima unapohesabika. Nywele za uso huota takriban sentimita 1 hadi 1.25 kwa mwezi, hivyo mtu anayenyoa zote mwanzoni mwa Januari atakuwa na sentimita 10 hadi 13 katikati ya Novemba, kiasi kinachotosha kwa shida. Anayetaka ndevu zinazofika kifuani asinyoe kabisa, bali apunguze ncha zilizokatika mara moja Januari, aache shavu na shingo zipumue, kisha azilinde. Kulinda maana yake ni kuziosha kwa shampuu laini, kuzipaka mafuta kidogo zikiwa na unyevu, kuzichana kwa chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani kwenda juu, na kutolala na ndevu mbichi. Moshi wa sigara na wa jiko la kuchomea nyama huzitia rangi ya manjano, jambo ambalo wapenzi wa nyama choma hawapendi kulisikia.

Asiye na mvi za kutosha hupausha. Kazi hiyo isifanywe mwaka mzima, kwa kuwa kila mara nywele hukauka na kukatika. Ianze mwishoni mwa Oktoba, na kisha mizizi iguswe tu inapoonekana. Saa 48 kabla, dawa ijaribiwe nyuma ya sikio ili kuona kama ngozi inaikataa. Nyusi zisifanywe na mtu mwenyewe mbele ya kioo, kwani dawa ikidondoka jichoni madhara yake ni makubwa. Saluni inayojua kazi hiyo ipatikane mapema, tena yenye mhudumu aliyekwisha kufanya ndevu na si nywele za kichwa peke yake. Rangi ya manjano inayobaki huondolewa kwa shampuu ya zambarau, inayokaa dakika chache tu, maana ikizidi ndevu hugeuka samawati. Dawa ya kupaushia nguo haina nafasi hapa, hata ikichanganywa na maji ndoo nzima.

Kwa mtu mwenye nywele za Kiafrika kuna mambo mawili ambayo miongozo mingi hayaandiki. La kwanza, ndevu zinazojikunja huonekana fupi kuliko urefu wake halisi, hivyo hesabu ya miezi iliyotajwa hapo juu isichukuliwe bila kuongezewa. La pili, nywele nyeusi sana hupitia rangi ya kutu, kisha ya chungwa, kabla hazijafika manjano hafifu, na kuzifikisha huko kunahitaji vipindi kadhaa vyenye siku za kupumzika katikati, ambavyo nywele nyingi hazivistahimili. Kwa maoni yangu, mwenye ndevu nyeusi ti asijitese. Anunue ndevu za bandia nzuri, zilizofumwa kwa mkono kutoka manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa milima ya Himalaya, juu ya wavu mwembamba unaogandishwa usoni kwa gundi ya ngozi. Ziagizwe kabla ya Juni, zijaribiwe nyumbani kwa saa nzima ukiongea, ukicheka na kunywa maji kwa mrija, na kila zinapovuliwa gundi iondolewe kwenye wavu kwa dawa yake kabla haijakauka. Zioshwe kwa maji ya baridi, zikaushwe juu ya kichwa cha kuwekea mawigi, na zisikunjwe kuwekwa sandukuni. Mwenye mvi za asili, hata zikiwa za nusu, anaweza kuziacha jinsi zilivyo. Watoto hawahesabu nywele nyeusi.

Kutafuta kazi wakati wa joto

Kampuni zinazopanga Baba Krismasi katika majumba ya maduka hutafuta watu mapema, na wengi wa watu hao hukutana katika mikusanyiko ya kiangazi. Mfano bora ni wa Larry Jefferson, mkazi wa Irving, Texas, ambaye mwaka 2016 alikuwa Baba Krismasi mweusi wa kwanza katika Mall of America, jumba kubwa la maduka lililoko Bloomington, Minnesota. Waliomtafuta walimpata kiangazi hicho katika kusanyiko la waigizaji wenzake mjini Branson, Missouri, ambako alikuwa karibu peke yake kwa rangi yake. Minnesota ni jimbo lenye Wakenya na Wasomali wengi, na kwa ujumla wazazi wanaotaka mtoto wao amwone Baba Krismasi anayefanana na babu yake hawajapata watu wa kutosha. Mwenye Kiswahili ana faida nyingine ndogo: mtoto aliyefundishwa nyumbani kusema shikamoo, akiitikiwa marahaba na mzee mwenye koti jekundu, humtazama mama yake kana kwamba amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Kabla ya kupeleka maombi, vyeti viwe mkononi. Uchunguzi wa rekodi ya uhalifu hutakiwa karibu kila mahali penye watoto, na wateja wengi hutaka uliofanywa mwaka huohuo. Bima ya dhima, inayolipa mtoto akianguka au mali ikiharibika, hupatikana kwa nafuu kupitia vyama vya waigizaji, kikiwemo International Brotherhood of Real Bearded Santas, kilichoanzia kwa wenye ndevu za asili. Anayetaka mafunzo aangalie Charles W. Howard Santa Claus School, iliyoanzishwa mwaka 1937 mjini Albion, New York, na ambayo sasa iko Midland, Michigan. Masomo yake hufanyika Oktoba, na hugusa vipodozi, hesabu za kazi, lugha ya ishara na tabia za kulungu wanaovuta kigari cha theluji; nafasi huisha mapema, kwa hiyo fomu ijazwe miezi kabla.

Kazi za kulipwa za kiangazi zipo, ingawa si nyingi kama watu wanavyodhani. Matangazo ya biashara na picha za katalogi za Desemba hupigwa kukiwa na joto, viwanja vya kupigia kambi hufanya Krismasi ya Julai, na bustani ya burudani ya Holiday World katika mji uitwao Santa Claus, Indiana, iliyofunguliwa mwaka 1946 kwa jina la Santa Claus Land, huwa na Baba Krismasi wakati wa kiangazi. Huko Rovaniemi, Finland, kijiji cha Baba Krismasi kilichoko kwenye mzingo wa Aktiki hupokea wageni kila siku ya mwaka. Denmark nayo, katika bustani ya Bakken karibu na Copenhagen, huwa na kongamano la kimataifa la Baba Krismasi mwezi wa Julai, lililoanza mwaka 1957, lenye maandamano na kuoga baharini. Hilo ni la furaha na gharama ya tiketi ni yako. Yeyote anayekubali kuvaa koti Julai avae chini yake fulana ya kupoozea yenye mifuko ya barafu, anywe maji kabla ya kuhisi kiu, na aandike katika mkataba dakika za kupumzika kivulini.

Ukitambuliwa dukani

Mwenye ndevu za asili hana siku ya kupumzika kabisa. Utakuwa kwenye foleni ya malipo mwezi wa Juni, ukiwa umevaa kaptula na umebeba galoni ya maziwa na dawa ya kuvu ya miguu, na mtoto aliyekaa ndani ya kigari cha ununuzi ataacha kunyonya kidole na kukukodolea macho. Mtazame kwanza mzazi wake. Mzazi akitabasamu au kuitikia kwa kichwa, mkaribie kwa maneno bila kusogea kwa miguu, punguza sauti, na sema jambo dogo la kweli, kwa mfano kwamba uko likizo na umekuja kununua maziwa. Usimguse, usimpe peremende bila ruhusa, wala usimuulize anataka nini Krismasi, kwa sababu zipo familia, za Kiislamu na nyinginezo, zisizosherehekea sikukuu hiyo, na mzazi asilazimishwe kueleza imani yake mbele ya mashine ya kulipia. Mzazi akigeuza kigari, endelea na maziwa yako.

Kutokana na hilo, baadhi ya tabia za hadharani hubidi ziachwe. Kuvuta sigara mlangoni mwa baa, kumtukana dereva aliyekukata mbele na kubishana siasa mtandaoni kwa akaunti yenye picha yako ya koti jekundu ni mambo ambayo mteja wa mwakani anaweza kuyaona. Wanaoona haya ni mzigo mzito mno wavae ndevu za bandia, na hilo si aibu hata kidogo.

Maswali yasiyo na midoli

Miezi ya utulivu ndiyo ya kufikiria majibu, kwani mbele ya mtoto hakuna muda. Maombi ya midoli ni mepesi: pita katika rafu za duka la watoto Septemba na Oktoba, ujue majina mapya na bei zake, na usiahidi kitu chochote, hata cha dola mbili, mpaka uone uso wa mzazi nyuma ya kamera. Yaliyo magumu ni mengine. Kila anayekaa katika kiti kile kwa muda mrefu husikia mtoto akiomba baba aliyefukuzwa nchini arudi, mama apone, au wazazi walioachana wakae nyumba moja.

Jibu zuri halina ahadi wala hotuba. Rudia kwanza alichosema kwa maneno yake mwenyewe, ili ajue kimesikika: unataka baba arudi nyumbani. Kisha sema kweli kwamba hilo haliko katika uwezo wako wala wa wasaidizi wako wanaotengeneza midoli, na umuulize jambo moja analopenda kufanya na baba huyo. Mtoto akishaeleza, kwa kawaida huwa tayari kushuka. Yaandike majibu haya kwa lugha utakayotumia kazini, uyaseme kwa sauti nyumbani mpaka yasikike kama maneno yako, na uwe na mwenzako mmoja wa kazi unayeweza kumpigia simu usiku ule, kwa kuwa Januari watu wengi hurudi nyumbani wakiwa na huzuni ambayo hawakuileta wenyewe. Mtoto akitaja kupigwa au kuguswa vibaya, hapo si suala la majibu tena. Ujue kabla ya msimu ni nani wa kumwarifu katika eneo lako la kazi, na utaratibu huo uombwe kwa maandishi wakati wa kutia saini mkataba.

Kiangazi kinatosha pia kujifunza ishara chache za lugha ya viziwi ya Marekani: salamu, jina lako nani, unataka nini, asante. Watoto wenye usonji nao huhitaji maandalizi. Maeneo mengi huwatengea saa za asubuhi kabla ya duka kufunguliwa, muziki ukiwa umezimwa na taa zimepunguzwa, na Baba Krismasi anayekubali kukaa sakafuni akinyamaza dakika tano huitwa tena.

Mwili

Magoti na kiuno hulipia kila mtoto aliyeinuliwa vibaya. Mazoezi ya kuchuchumaa na kusimama, yakianza polepole Machi, ni bora kuliko dawa za maumivu za Desemba. Na mtoto ainuliwe na mzazi wake, wewe umpokee. Tumbo si lazima liwe lako, kwani mto wa kufunga kiunoni haupandishi sukari. Nenda ukapimwe masikio, jambo ambalo wazee wengi hulikwepa, maana mtoto wa miaka minne hunong'ona na jumba la maduka hupiga kelele, na kumwambia "rudia" mara tatu humfanya anyamaze kabisa. Chanjo ya mafua ichomwe Septemba au Oktoba, kwa sababu kinga yake huchukua kama wiki mbili kujengeka.

Wiki ya mwisho ya Oktoba vaa kila kitu kwa pamoja, kuanzia soksi hadi kofia, ukae katika kiti kisicho na mikono kwa saa mbili huku mtu wa nyumbani akikupiga picha. Picha zitaonesha buti lililopasuka soli, mshipi uliohama tundu na ndevu zinazofichua shati, wakati fundi bado anapokea simu. Gari lipelekwe gereji wiki hiyohiyo, betri na matairi ya theluji yakaguliwe, na namba ya mwenzako mmoja anayeweza kushika zamu yako iandikwe katika mkataba wa kila mteja wa Desemba 24.